Vifurushi vya visa vya matumizi

Kifurushi, katika usanifu wa programu, ni chombo cha kukusanya pamoja vipengele vya modeli vinavyohusiana. Hutumika hasa pale mchoro wa visa vya matumizi, unaoonyesha wahusika na kazi wanazotaka mfumo uwafanyie, unapojaa mistari hadi hausomeki.

Asili
Visa vya matumizi vilibuniwa na Msweden Ivar Jacobson akiwa katika kampuni ya Ericsson. Alivitangaza mwaka 1987 na kuvieleza kwa kirefu katika kitabu cha 1992. Mwaka 1995 aliungana na Grady Booch na James Rumbaugh katika kampuni ya Rational. Kazi yao ikazaa UML, lugha ya kuchorea modeli za mifumo, iliyopitishwa na shirika la viwango la OMG mwaka 1997. Toleo la 2.0 lilitoka 2005, na 2.5.1 mwaka 2017.

Alama
Kifurushi huchorwa kama mstatili wenye kichupo juu kushoto. Jina kamili la kisa hutanguliwa na la kifurushi chake, mathalani Forodha::Kupokea tamko. Mshale wa vistari huonyesha kifurushi kinachotegemea kingine. Vifurushi viwili vikitegemeana, mgawanyo una kasoro.

Mfano wa Rusumo
Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Rusumo, wilayani Ngara, kilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na kukuta maofisa wa nchi zote mbili. Ni mahali pazuri pa kufundishia vifurushi, kwani lori la transiti kutoka Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, kabla ya kufika mpakani, na kila hatua ina mhusika wake: mpima mizani, wakala wa forodha, ofisa uhamiaji, ofisa afya, mkaguzi wa mimea.

Wanafunzi wengi hukimbilia kifurushi kimoja kwa kila ofisi. Mgawanyo huo ni rahisi, lakini una mtego: kisa cha “Kutambua dereva na gari” hujirudia kwa uhamiaji, kwa forodha na hata kwenye mizani. Kinachofaa ni kukitoa na kukiweka katika kifurushi cha pamoja, kisha visa vingine vikijumuishe. Kugawa kwa safari yenyewe (kabla ya mpaka, mpakani, baada ya kuvuka) husomeka vizuri zaidi kwa wasio mafundi, ingawa kazi za forodha husambaa katika vifurushi vyote vitatu.

Mgawanyo kwa awamu za utekelezaji nao upo, lakini hupitwa na wakati haraka.

Hali ya sasa
Forodha ya Tanzania imekuwa ikitumia mfumo wa kielektroniki wa TANCIS tangu 2014. Vyuo vya Tanzania hufundisha UML katika masomo ya uchambuzi wa mifumo.