Upepo

Fundi husema lori “limeingiza upepo”. Kwenye maandishi utakuta “hewa”. Kwenye dizeli, naungana na fundi.

Chukua Ural-4320, lori la kijeshi lililoanza kuundwa mjini Miass, Urusi, mwaka 1977, enzi za Kisovieti, likiwa na injini ya KamAZ-740 ya silinda 8. Lori la namna hii likizeeka, mipira ya mafuta hukauka na kupasuka. Kutoka kwenye tangi hadi pampu, mafuta huvutwa; ufa mdogo upande huo waweza usidondoshe hata tone, ila ukanyonya upepo. Upepo hubanika kirahisi, dizeli karibu haibaniki. Presha haifiki kwenye nozo, na injini inagoma kuwaka.

Dawa ni kutoa upepo: legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha kaza.

Hewa imetuzunguka tu. Upepo ni hewa iliyo safarini, na hii imesafiri hadi kuziba njia. Hata tairi tunalijaza upepo. Waandishi wa miongozo ya mashine wauandike hivyo hivyo, fundi aelewe mara moja.