Si Bidhaa, Ni Mzigo

Miongozo ya usalama wa maghala inayotafsiriwa siku hizi imezoea kutumia tungo hii: "uainishaji wa bidhaa zilizohifadhiwa kwa usanifu wa vinyunyizi vya moto". Naipinga tungo hiyo waziwazi. Nitaliacha hilo la "vinyunyizi vya moto", ingawa msomaji mgeni ana haki ya kudhani ni vyombo vya kumwaga moto. Mtafsiri akiandika "vinyunyizi vya kuzimia moto" yatakuwa yamekwisha. Ugomvi wangu ni na neno bidhaa. Limewekwa mahali pasipolifaa, na watu wenye vyeo vya lugha wameliacha likae hapo.

Msomaji wa makala hii anajua kinachozungumzwa. Kabla ya mhandisi kuamua vinyunyizi vimwage maji kiasi gani kwa kila mita ya mraba, ni lazima ajue vitu vilivyopangwa ghalani vitawakaje. Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 13 kinavipa vitu hivyo madaraja manne, kuanzia la I hadi la IV, kisha kinazipanga plastiki katika makundi A, B na C, na A ndilo kali kuliko yote. Lakini kinachopewa daraja ni jumla ya mambo matatu: kitu chenyewe, vifungashio vyake, na chombo kinachokibeba. Bidhaa ni la kwanza tu kati ya hayo matatu.

Chukua misumari. Ikiwa kwenye maboksi ya kawaida ya karatasi ngumu juu ya paleti ya mbao, iko daraja la I. Itie kwenye makasha ya mbao nzito, imepanda hadi la II. Iondoe kwenye paleti ya mbao uiweke juu ya paleti ya plastiki, imepanda tena, kwa hatua moja au mbili kulingana na aina ya plastiki hiyo. Sasa badala ya misumari weka vipuri vya chuma vilivyozungushiwa ile plastiki nyeupe ya povu inayokuja na televisheni mpya. Povu likiwa jingi, unafika Kundi A, ingawa chuma hakiwaki. Katika safari yote hiyo bidhaa haikuwaka wala haikubadilika tabia. Kilichobadilika ni mzigo.

Tulitazame neno lenyewe. Bidhaa imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukata na kutenga kipande. Bidhaa ni ile sehemu ya mali ambayo mwenyewe ameitenga na kuitoa kwa ajili ya biashara. Neno hilo limo katika Sura ya Yusuf, na humo pia linahusu mali ya kuuziana. Kwa hiyo tangu asili bidhaa hutazamwa kwa jicho la mnunuzi na muuzaji. Mnunuzi wa redio ananunua redio. Boksi atalitupa, nailoni ataichoma, na paleti hataiona kabisa. Lugha yetu imeirithi maana hiyo bila kuipunguza. Hakuna muuza duka atakayekuambia kwamba paleti ni sehemu ya bidhaa yake.

Mzigo ni neno la Kibantu, tena la zamani. Wakikuyu wanasema mũrigo, Wanyarwanda wanasema umuzigo, na kote huko maana ni kile kinachobebwa kama kilivyofungwa. Zama za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara, mzigo wa mpagazi ulikuwa kipimo: frasila mbili hivi, takriban kilo 30. Vitambaa vya merikani na kaniki vilikunjwa, vikabanwa na kufungwa imara hadi vikawa mtumba, na mtumba huo ndio uliokwenda begani. Uzito wa kamba ulihesabiwa, kwa kuwa shingo ya mpagazi haitofautishi kitambaa na kamba. Neno mtumba tunalo hadi leo, wingi wake mitumba, na kwa watu wengi limegeuka kuwa nguo zenyewe. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba akisema "nimefungua mtumba", bado ana maana ya robota lililobanwa na kufungwa. Na Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako kuna Kariokor kwa sababu hiyohiyo. Mitaa yetu mikubwa ya biashara imebeba jina la wabeba mizigo, nasi tunatafuta neno mbali.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa pendekezo la "mzigo" niliwahi kulifikisha mbele ya kamati. Lilirudi na sababu moja fupi: ni neno la wachukuzi. Sikuona hoja nyingine. Kamati ambayo haijawahi kuuliza makuli wanaviitaje vitu wanavyovipanga rafuni iliona ni fedheha kwa istilahi ya uhandisi kutoka midomoni mwao. Nami nashikilia kwamba sababu waliyoitoa ya kulikataa neno hilo ndiyo sababu ya kulikubali. Mchukuzi ndiye pekee ghalani anayekishughulikia kitu pamoja na boksi, nailoni na paleti yake kwa mkupuo mmoja. Vinyunyizi navyo vinakabili vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

Wapo pia wanaotetea shehena. Hawa nawaheshimu zaidi, maana wameona kuwa bidhaa haitoshi. Lakini shehena nayo ni ya Kiarabu, kutoka kitenzi cha kupakia, na Kiswahili kimeifunga kwenye safari: shehena ya meli, shehena ya lori, shehena iliyokamatwa mpakani. Ikishashushwa na kupangwa ghalani kwa miezi sita, watu huacha kuiita shehena. Mzigo hukaa na jina lake: uko njiani, uko bandarini, uko stoo.

Limebaki neno la pili tunalolihitaji katika istilahi hii, daraja. Kwa Kiarabu ni kidato cha ngazi, na hapo halina kosa. Kosa linazaliwa katika mazoea yetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayepata daraja la kwanza anapongezwa. Abiria wa daraja la kwanza kwenye treni amelipa zaidi. Mwambie mwenye ghala kwamba mali yake ni "daraja la nne", atadhani umemtukania mali. Katika elimu ya moto mpangilio ni kinyume: la I ndilo linalowaka kwa shida, la IV ndilo lenye ukali zaidi. Ndiyo maana nasema "daraja la mwako". Mwako umetokana na waka kama mchezo ulivyotokana na cheza, na vitabu vyetu vya sayansi vimekwisha kulitumia neno hilo. Daraja la mwako likipanda, moto unapanda, na hakuna wa kumsifu wala wa kumlaumu. Kilo ya mbao ikiungua yote hutoa takriban megajuli 17 za joto. Kilo ya plastiki ya polithini hutoa zaidi ya 40. Tofauti hiyo ndiyo istilahi inapaswa kuisema.

Istilahi ninayoitetea, basi, ni daraja la mwako wa mzigo. Nimeambiwa kwamba wahandisi wa majengo na wa umeme wamekwisha kulichukua neno mzigo. Ni kweli, na hakuna dhara. Wao husema mzigo wa paa na mzigo wa umeme. Kijalizo hutenganisha maana, na mwako nao unatosha kuutenga mzigo wa ghala.

Asiyeona umuhimu wa haya akumbuke ghala la Kmart huko Falls Township, Pennsylvania, lililoteketea Juni 21, 1982. Lilikuwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 100,000, lilikuwa na kuta za kuzuia moto, na lilikuwa na vinyunyizi. Lakini miongoni mwa mizigo ya kawaida kulikuwa na makopo ya dawa za kupuliza. Yalipopata moto yaliruka huku yakiwaka na kuutawanya, na maji yaliyokadiriwa kwa mizigo mingine yakazidiwa. Mwaka 1990 makopo hayo yalitungiwa kiwango chao, NFPA 30B.

Kuitumia istilahi hii ghalani si kazi ngumu. Kwa kila mzigo andika kilichomo, kifungashio na paleti. Mizigo ya madaraja tofauti ikichanganyika, kadiria maji kwa ile yenye daraja la juu. Na plastiki ikiongezeka, mwite mhandisi kabla ya kuipanga.

Nawaomba wanaoandaa fomu za ukaguzi na mikataba ya bima kwa Kiswahili wafute "bidhaa" kwenye safu ya vitu vilivyohifadhiwa na kuandika "mzigo". Fomu yenye bidhaa humwuliza mtunza ghala ameweka nini. Fomu yenye mzigo humwuliza ameweka nini, kimefungwa na nini, na kimekaa juu ya nini. Bila majibu yote matatu, hesabu ya maji ni ya kubahatisha.