Kabla ya Kompyuta, Mkutubi: Kutoka Nakaseke hadi Muyinga na Gitega

Mwaka 2012 mji wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ulipata maktaba iliyojengwa kwa udongo wa pale pale. Wasanifu majengo wa BC Architects kutoka Brussels, wakishirikiana na mafundi na wakazi wa Muyinga, waliushindilia udongo huo kwa mashine za mkono ukawa matofali yasiyochomwa moto. Juu wakaweka miti ya mikaratusi na vigae vya udongo wa kuchomwa. Ndani, chini ya paa, wakatandaza wavu mpana wa kamba za katani ambao watoto hupanda na kujilaza wakisoma. Jengo hilo lilikuwa sehemu ya kwanza ya shule jumuishi iliyokusudiwa watoto viziwi, lakini lilielekezwa pia kwa watu wa mtaani. Ukumbi wake mrefu wa nje hukaribisha mpita njia, na paa limeinuliwa ili upepo upite wenyewe bila feni.

Naanza na matofali kwa sababu historia ya kufundisha umma kompyuta maktabani, katika ukanda wetu, husimuliwa mara nyingi kuanzia kwenye mashine: msaada umefika, maboksi yamefunguliwa, picha zimepigwa. Masimulizi ya namna hiyo yameruka mwanzo. Kabla ya mashine kulikuwa na chumba ambacho mtu yeyote aliruhusiwa kuingia, awe mwanafunzi au la, na ndani ya chumba hicho alikuwapo mtu aliyepewa kazi ya kumpokea. Palipokosekana mtu huyo, kompyuta zilibaki mapambo ya mezani mpaka zikaharibika.

Kwa Burundi chumba hicho kilianza kupata sura kupitia mpango wa nchi zinazotumia Kifaransa. Wakuu wa nchi hizo walikutana Paris mwaka 1986 kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo vikaanzishwa vituo vya kusoma na shughuli za utamaduni vijijini, vinavyojulikana kwa kifupi kama CLAC. Aliyelisukuma wazo hilo ni mkutubi wa Quebec, Philippe Sauvageau. Vituo vya mwanzo vilifunguliwa Afrika Magharibi, na baadaye Burundi nayo ikawa na mtandao wake.

Kilichonivutia zaidi katika CLAC ni jinsi gharama zilivyogawanywa. Jumuiya ya nchi hizo, Francophonie, ilileta vitabu, runinga, redio na michezo ya mezani. Serikali na komine (mamlaka za mitaa) zikatoa jengo na mfanyakazi. Kwa maneno mengine, mgeni alileta vitu, mwenyeji akaleta mtu. Mfanyakazi huyo hakuwa mlinzi wa makabati tu. Alikuwa akiendesha vikao vya kusoma, akiwasha video, akiwapanga watoto kwa zamu. Kompyuta zilipokuja kuingia katika baadhi ya vituo hivyo miaka ya baadaye, zilimkuta mtu ambaye tayari anajua kuongoza kundi la watu wanaojifunza kitu kipya.

Somo kama hilo lilionekana Uganda kwa uwazi zaidi. Mwezi Machi 1999 kilifunguliwa kituo cha Nakaseke, wakati huo katika wilaya ya Luwero, kaskazini mwa Kampala. Eneo lile lilikuwa limeunguzwa na vita vya 1981 hadi 1986. UNESCO, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, walishirikiana na serikali ya Uganda kuweka simu, kompyuta na maktaba chini ya paa moja. Umeme ulikatika mara kwa mara na intaneti ilikuwa ghali na ya taratibu. Hata hivyo kituo kilipata wanafunzi ambao hakuna aliyewatarajia.

Miongoni mwao walikuwa wanawake wakulima ambao kusoma kwao kulikuwa kwa shida, wengine hawakusoma kabisa. Waliandaliwa programu ya mawazo ya kujipatia kipato, ikiwa kwenye diski, kwa Kiingereza na kwa Kiganda. Mtu hakuhitaji kuandika chochote. Alisogeza kipanya, akabonyeza picha, akasikia sauti ikimweleza kwa lugha yake kuhusu ufugaji au biashara ndogo. Mmoja wa wanafunzi hao, bibi mkulima wa miaka kama 70, alisifika kwa sababu baada ya kujua alianza kuwafundisha wenzake kijijini. Walioipanga programu hiyo walielewa jambo ambalo madarasa mengi ya leo yanalisahau, kwamba mtu mzima hujifunza haraka anapoona faida kabla ya kuona kanuni.

Wakati Nakaseke inafunguliwa, Burundi ilikuwa bado vitani. Vita vilivyolipuka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vilikuwa vimeharibu shule na kutawanya walimu, na vikwazo vya uchumi vya nchi jirani, vilivyowekwa mwaka 1996, vilikuwa vimeondolewa mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1999. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mapigano yakaendelea kwa miaka kadhaa baadaye. Anayeuliza kwa nini Warundi wengi walichelewa kushika kipanya azingatie tarehe hizo kwanza.

Likafuata suala la njia ya intaneti. Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Burundi haina pwani. Ilibidi ingoje nyuzi zipite nchi za jirani hadi mipakani kwake, kisha ziunganishwe na mkongo wa ndani uliojengwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Na intaneti bila umeme haisaidii. Kufikia mwaka 2020 hivi, ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini Burundi aliyekuwa na umeme nyumbani.

Katika hali hiyo ilikuja maktaba iliyobeba umeme wake yenyewe. Shirika la Ufaransa la Bibliothèques Sans Frontières, lililoanzishwa na mwanahistoria Patrick Weil mwaka 2007, lilifanya kazi Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Huko likatambua kwamba waliopoteza makazi wanahitaji pia mahali pa kusoma na kuwasiliana. Mbunifu Philippe Starck akaombwa kuchora maktaba ya masanduku, iitwayo Ideas Box: masanduku ya rangi kali yanayosafirishwa juu ya mbao mbili za mizigo na kufunguliwa kwa muda usiozidi dakika 20. Ndani mna vitabu, tableti, kompyuta, kamera, skrini ya sinema, jenereta na vifaa vya intaneti.

Mwaka 2014, kwa ushirikiano na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, masanduku ya mwanzo yalipelekwa Burundi, katika kambi za wakimbizi wa Kongo za Kavumu, Cankuzo, na Bwagiriza, Ruyigi. Sehemu hizo haziko mbali na Muyinga, ambayo nayo ina kambi yake ya Wakongo huko Gasorwe. Wakimbizi wengi walitoka Kivu, na Kiswahili kilikuwa lugha inayowaunganisha. Shirika hilo hilo lilitumia pia kifaa kidogo kiitwacho KoomBook, kinachohifadhi masomo na maandishi ya Wikipedia na kuyasambaza kwa simu na tableti zilizo karibu bila intaneti yoyote. Kwa sehemu za mashambani huo ni msaada mkubwa, kwa sababu mwanafunzi anajifunza kutafuta habari kabla mtandao haujamfikia.

Darasa lenyewe la kwanza la kompyuta halina makuu. Kuwasha na kuzima. Kushika kipanya. Kufungua faili, kuliandikia, kulihifadhi na kulipata tena kesho. Kuchagua neno la siri na kulikumbuka. Burundi ina ugumu mmoja zaidi ambao wafadhili wengi hawaufikirii: kibodi. Iliyozoeleka huko ni ya Kifaransa, ambayo A na Q, Z na W zimebadilishana nafasi zikilinganishwa na kibodi za Kiingereza. Kompyuta ya msaada kutoka Uingereza, au ile ya dukani ng'ambo ya mpaka wa Kobero, upande wa Tanzania, humchanganya mwanafunzi aliyekwisha kuzoesha vidole. Hakuna mwongozo uliochapishwa utakaomsaidia saa hiyo. Atasaidiwa na mtu aliyesimama nyuma ya kiti chake.

Lugha ya mashine nayo imeshughulikiwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa miji ya Muyinga na Gitega, ambako Kiswahili kinasikika sokoni na kinafundishwa shuleni, kazi kama ile ingefaa kurudishwa madarasani, pamoja na maelezo kwa Kirundi.

Uganda imeendelea mbele. Maktaba ya Taifa na mashirika ya Maendeleo Foundation na EIFL waliungana kufundisha stadi za msingi za kompyuta katika maktaba za umma, na mpango wao ulianzia kwa wakutubi wenyewe: wakufunzi waliwafundisha wakutubi, wakutubi wakawafundisha wananchi. Mfadhili akiondoka, ujuzi unabaki kwenye dawati la mapokezi.

Kwa upande wa Burundi, Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Ofisi zikihamia huko, fomu, barua za maombi ya kazi na huduma za serikali zinahamia nazo, na kijana asiyejua kuandika barua kwa kompyuta hulazimika kumlipa mtu wa kibandani amwandikie. Mageuzi ya mwaka 2025 yamezipunguza komine kutoka 119 hadi 42, na Muyinga sasa imo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Komine zimekuwa kubwa, na bajeti zao zinapangwa upya. Madiwani wa Gitega na Muyinga, kabla ya kuandika barua ya kuomba kompyuta nyingine, wekeni katika bajeti hizo mshahara wa mkutubi mmoja aliyefundishwa kompyuta, na umeme wa jua wa kutosha chumba chake.