Kanga, Buibui na Heshima ya Bibi Zetu



Sisi washonaji tunajua: mtu hutazamwa nguo kabla hajafungua mdomo. Hapa Unguja jambo hili lina historia yake. Zama za utumwa, mwanamke mtumwa alivaa merikani au kaniki, na kichwa hakuruhusiwa kukifunika. Ushungi, barakoa na viatu vilikuwa vya waungwana. Akipita njiani tu, watu walishajua daraja yake.

Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Waliopata uhuru wakaacha kaniki, wakanunua kanga doti nzima: moja ya kuvaa, moja ya kujitanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 buibui nalo likaenea. Aliyekuwa mtumwa akajisitiri kama bibi yake wa zamani, na mpita njia hakuweza tena kuwatofautisha kirahisi. Hakuwa anajishaua. Alikuwa anadai heshima aliyonyimwa.

Tunayakumbuka haya kila bibi harusi anapotujia na picha ya gauni kwenye simu, yuko tayari kukopa ili watu waseme. Wale walijipamba wasidharauliwe. Sisi mara nyingi tunajipamba tusishindwe na jirani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia.

Basi mpenzi, kabla hujatuletea kitambaa, jiulize: unavaa ujisitiri na upendeze, au unavaa ili fulani anune? Stara haihitaji mkopo.