Ajali na Orodha: Usalama wa Abiria kutoka Reli za Chini ya Ardhi hadi Ziwa Tanganyika

Neno "ajali" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai wa mtu. Maana hiyo haijatoweka. Imo katika methali isemayo kwamba ajali haina kinga, na imo katika mazungumzo ya msibani, pale jamaa wanapoambiwa kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, ambao aghalabu husema "aksida" kwa kuufuata Kifaransa, wamebadili neno bila kubadili wazo. Makala haya yanatazama aina moja ya usafiri ambamo wazo hilo lilikataliwa hatua kwa hatua, yaani reli za chini ya ardhi za miji mikubwa, kisha yanarejea kwenye safari inayojulikana zaidi na watu wa Fizi: ile ya kuteremka kutoka Kilembwe hadi Baraka na kupanda chombo cha ziwani.

Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa London mwaka 1863. Paris ilifuata mwaka 1900, na miaka mitatu tu baadaye, tarehe 10 Agosti 1903, moto wa umeme ulizuka katika treni iliyokwisha kuteremsha abiria wake. Treni iliyofuata ilisimama katika kituo cha Couronnes. Abiria waliamriwa kutoka. Wengi wakagoma kuondoka wakidai kwanza warudishiwe nauli. Wakati wa mabishano hayo moshi ulijaa, taa zikazimika, na watu wakakimbilia upande wa kituo usiokuwa na mlango. Walikufa 84. Ni rahisi kuwalaumu kwa kung'ang'ania senti chache, na magazeti hayakukosa kufanya hivyo, lakini wahandisi waliuliza swali lenye manufaa zaidi: kwa nini taa zilizimika, na kwa nini mtu aliye gizani asijue mlango uko wapi? Umeme wa taa za vituo ukatenganishwa na ule wa treni, na alama zenye mwanga zikawekwa kuonyesha njia ya kutokea.

Mkondo huo ulirudiwa kwingine. Huko Brooklyn, New York, tarehe 1 Novemba 1918, siku ya mgomo, treni ya mabehewa ya mbao ilikabidhiwa kwa mfanyakazi asiye na mafunzo ya kutosha. Iliingia katika kona ya Malbone Street kwa kasi kubwa mno na kuua watu zaidi ya 90. Huko Moorgate, London, tarehe 28 Februari 1975, treni haikupunguza mwendo kwenye kituo cha mwisho, ikagonga ukuta, wakafa 43, dereva akiwa mmojawapo. Sababu ya dereva kutofunga breki haijajulikana mpaka leo. Hata hivyo kutojulikana kwake hakukuwazuia wakubwa wa reli kuweka vifaa vinavyoisimamisha treni yenyewe ikikaribia mwisho wa njia kwa kasi. Hapa panastahili kutuliwa kidogo, maana mara nyingi husikika hoja kwamba hatua haziwezi kuchukuliwa kabla chanzo hakijathibitishwa.

Tukio la King's Cross, London, la tarehe 18 Novemba 1987, ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Uvutaji wa sigara ulikuwa umepigwa marufuku vituoni, lakini abiria walizoea kuwasha sigara zao wakiwa kwenye ngazi za umeme, wakielekea nje. Njiti moja iliangukia chini ya ngazi ya mbao, penye grisi na uchafu wa miaka mingi. Walikufa 31. Ripoti iliyotolewa mwaka 1988 ilikuwa na mapendekezo 157, na ngazi za mbao zikaanza kuondolewa. Lakini jambo lingine linahusu zaidi makala haya. Mfu mmoja hakutambuliwa. Alizikwa bila jina na kujulikana kwa namba yake ya chumba cha maiti, 115. Uchunguzi haukufungwa. Mwaka 2004, baada ya miaka 16, alipatikana jina.

Isidhaniwe kwamba funzo la mji mmoja husafiri lenyewe hadi mwingine. Karibu watu 290 walikufa kwa moto na moshi katika reli ya chini ya ardhi ya Baku mwaka 1995, na 192 huko Daegu, Korea Kusini, mwaka 2003, ingawa hatari ya vifaa vinavyoshika moto upesi ilikuwa imekwisha kujulikana duniani.

Katika Afrika ya Mashariki, reli iliyo karibu zaidi na watu wa Baraka ni ile ya kati ya Tanzania, inayoishia Kigoma. Juu ya reli hiyo, tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu karibu na Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma bila kuzuilika na kugonga treni ya mizigo. Walikufa 281. Lakini ni majini ambako tofauti kubwa inaonekana, nayo si tofauti ya injini. Ni ya karatasi.

MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa na orodha ya abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili, ilhali uwezo wake wote ulikuwa watu wapatao 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hesabu rasmi ya wafu ni 894, na wapo wanaokadiria kuwa walifika elfu moja. Yaani masikini wa meli ile walihesabiwa kwa mara ya kwanza walipoopolewa, na wasioopolewa hawakuhesabiwa kamwe. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilijengewa kubeba watu 101, walikufa 228. Kwa taarifa za siku zile, mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini, hivyo kumbukumbu pekee ya waliokuwamo ilizama pamoja nao.

Ziwa Tanganyika lina msiba wake. Desemba 2014, MV Mutambala, iliyobeba jina la mojawapo ya sekta za Fizi, ilizama katika maji ya Kongo ikiwa imejaza kupita kiasi na upepo ukivuma. Waliotangazwa kufa ni 129. Na katika Ziwa Kivu, tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukoni. Gavana wa Kivu Kusini alitaja wafu 78. Miili iliyoopolewa siku za kwanza ilikuwa michache kuliko hapo. Wenye boti walijua idadi ya magunia, kwa kuwa gunia hulipiwa na mwenyewe hulidai.

Wala haiwezi kusemwa kwamba orodha haiwezekani katika maji haya. Mwaka 1997 meli kongwe Liemba iliwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira, na kuanzia mwaka 2005 safari za namna hiyo zilifika Baraka zikiwa na watu wa kambi za Nyarugusu na Lugufu. Wakimbizi hao waliandikishwa familia kwa familia kabla ya kupanda, kwa sababu shirika lililolipia safari lilipaswa kutoa hesabu yao. Wengi wao walikuwa watu wa Fizi, wakiwamo wa Lulenge, sekta ambamo Kilembwe imo. Baadhi yao walivuka tena baadaye kwenda kununua au kuuza bidhaa, katika boti za mbao, wakitoa nauli mkononi bila kuulizwa jina.