Jumba la Tajiri wa Mpira Lililogeuka Makumbusho ya Watu

Mara hii tunawapeleka katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Huko kuna jumba la vyumba 65 liitwalo Stan Hywet Hall. Jina hilo ni la Kiingereza cha kale na lina maana ya machimbo ya mawe, kwani mawe yalikuwa yakichimbwa mahali hapo.

Mwenye jumba alikuwa Frank Seiberling. Mwaka 1898 alinunua kiwanda kilichofungwa, na malipo ya kwanza, dola 3,500, alikopa kwa shemeji yake. Hapo ikazaliwa kampuni ya matairi ya Goodyear. Ilipewa jina la Charles Goodyear, mvumbuzi wa njia ya kuimarisha mpira kwa joto na salfa, ambaye alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni na hakuwa na uhusiano wowote na kampuni hiyo. Magari yalipoongezeka, Seiberling akatajirika sana. Akajenga jumba lake kati ya mwaka 1912 na 1915, na juu ya mlango yakachongwa maneno ya Kilatini, Non Nobis Solum, yaani "Si kwa ajili yetu tu."

Hapa inatupasa tusimame kidogo. Mwaka 1913, ujenzi ukiendelea, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya mpira vya Akron, wakiwemo wa Goodyear, waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ujira bora. Walirudi kazini mikono mitupu. Ni kweli kwamba Seiberling alikwisha anzisha mtaa wa Goodyear Heights ili wafanyakazi wajipatie nyumba kwa malipo ya kidogo kidogo, na wema huo tusiufiche. Lakini mali ya mpira ilikuwa na jasho la wengi. Nasi wa ukanda huu tunajua kwamba kabla ya hapo, kiu hiyohiyo ya dunia ya kutaka mpira iliwamwagisha damu watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mpaka mwaka 1908.

Mali nayo haina mwenyewe wa kudumu. Mwaka 1921, baada ya biashara kuanguka na madeni kuzidi, Seiberling aliondolewa katika kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Alianza upya na kampuni nyingine, lakini Goodyear hakuipata tena.

Jambo kubwa kuliko yote halikutokea katika kumbi za jumba. Lilitokea katika nyumba ndogo ya langoni, alikokuwa akiishi mkwe wake, Bi. Henrietta Seiberling. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson wa New York alikuwa Akron, biashara yake imeharibika na tamaa ya pombe imemrudia. Badala ya kuingia baa, alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Bi. Henrietta akamkutanisha na daktari Robert Smith, aliyekuwa akiteswa na ulevi. Daktari alikubali kukaa dakika 15 tu. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Kutokana na mkutano huo kikaanzishwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho kimewasaidia walevi katika nchi nyingi duniani kuacha pombe.

Seiberling alifariki mwaka 1955. Mwaka 1957 familia yake ililitoa jumba, pamoja na bustani zake, kwa taasisi isiyo ya faida. Leo watu huingia kutazama vyumba na samani za familia, na ile nyumba ya langoni nayo iko wazi kwa wageni. Watu wa kujitolea husaidia kulitunza.

Tunajifunza nini? Maneno mazuri yanaweza kuchongwa mlangoni kwa siku moja, lakini kuyatimiza kulichukua zaidi ya miaka 40. Na wazazi mtakapowasimulia watoto habari za majumba makubwa ya miji yetu, msiishie kwenye jina la tajiri. Waulizeni pia: nani alifanya kazi, nani alilipwa nini, na leo mlango uko wazi kwa nani?