Namba ya Mersenne na Kosa la Miaka 232

Sisi walimu twajua desturi ya watoto darasani: hesabu ikiisha kuandikwa ubaoni na mwalimu, hawaulizi tena kama ni kweli. Hata wenye elimu kubwa walipatwa na jambo hili zamani, na habari yao yafaa kukumbukwa.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 31. Katika mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika habari za namba zipatikanazo kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara nyingi, kisha kutoa 1. Tukizidisha 2 tano twapata 32. Tukitoa 1 yabaki 31, nayo ni tasa. Lakini tukizidisha 2 kumi na moja na kutoa 1, twapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Basi haifai kubahatisha.

Mersenne alisema kwamba 2 zikiwa 67, namba itokayo ni tasa. Namba hiyo ina tarakimu 21, wala hakutoa uthibitisho. Mwaka 1772 Leonhard Euler alihakikisha kwamba neno la Mersenne juu ya 31 lilikuwa kweli, yaani 2,147,483,647 ni tasa. Lakini kweli ya neno moja haithibitishi la pili.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alivumbua njia ya kuzipima namba hizi pasipo kutafuta vigawo vyake. Akaona kwamba ile ya 67 si tasa. Ile ya 127, yenye tarakimu 39, akaiona ni tasa kweli. Wala haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo hata mwaka 1951.

Lakini njia ya Lucas ilisema tu kwamba namba ya 67 hugawanyika; haikusema hugawanyika kwa nini. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wataalamu wa hesabu huko New York. Husimuliwa kwamba hakusema neno, bali aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha, ikatoka 147,573,952,589,676,412,927, ndiyo namba yenyewe. Wakampigia makofi.

Mersenne alikosea na juu ya 257, tena alisahau 61, 89 na 107. Hata hivyo namba hizi zaitwa kwa jina lake mpaka leo, kwa kuwa swali lake lilikuwa jema. Mwaka 2024 mashine zilipata moja yenye tarakimu 41,024,320.

Basi, walimu wenzetu, mtoto akiinua mkono na kuuliza, “Twajuaje kuwa ni kweli?” tusimkemee. Tumpe chaki, azidishe mwenyewe.